Neno Lililofanywa Mlio: Viumbe wa Sullust na Swali la Msikilizaji Asiyehesabiwa

Utangulizi

Uhakiki wa fasihi umezoea kuuliza ni nani anayesema katika matini, na anasema kwa niaba ya nani. Swali la upande wa pili huulizwa kwa nadra: ni nani anayedhaniwa kwamba hatasikia? Kila msanii, akijua asijue, huiunda hadhira yake akilini kabla ya kuikabili, na katika kuiunda huwaacha watu fulani nje ya mlango. Makala haya yanajishughulisha na hao walioachwa nje.

Mfano utakaotumiwa huenda ukaonekana duni kwa msomaji aliyezoea kuona kurasa hizi zikijadili tendi na riwaya. Ni mfano wa Wasullust, viumbe wa kubuni wanaojitokeza pembeni mwa mfululizo wa filamu za Kimarekani uitwao Star Wars. Tumeuchagua kwa sababu mahsusi. Kiumbe mashuhuri wa jamii hiyo hasemi lugha ya kubuni. Husema lugha za Afrika Mashariki, kwa sauti ya Mkenya. Kwa hiyo swali ambalo kwingine lingebaki la kinadharia, hapa linatuhusu moja kwa moja: je, ni haki kuichukua lugha hai ya watu na kuitumia kama mlio wa kiumbe asiye mtu? Na kama kuna kosa, liko wapi hasa?

Msimamo wetu ni huu. Lugha haivunjiwi heshima kwa kutiwa kinywani mwa kiumbe wa ajabu. Fasihi yetu wenyewe imewasemesha sungura, fisi, majini na mazimwi tangu jadi, na hakuna aliyelalamika. Lugha huvunjiwa heshima pale inapochukuliwa kwa sharti kwamba hakuna atakayeielewa.

Mhusika wa pembeni na kauli yake

Filamu ya Return of the Jedi, iliyoongozwa na Richard Marquand, ilitolewa Mei 1983. Ilikuwa ya tatu katika mfululizo ulioanzishwa na George Lucas mwaka 1977. Ndani yake waasi wanapambana na utawala wa kiimla unaojenga ngome ya angani yenye uwezo wa kuangamiza sayari nzima. Katika shambulio la mwisho, chombo kiitwacho Millennium Falcon kinarushwa na Lando Calrissian, mhusika aliyeigizwa na Mwamerika mweusi Billy Dee Williams. Kando yake ameketi rubani msaidizi, Nien Nunb. Huyu ni Msullust: kiumbe mfupi, mwenye macho makubwa meusi, masikio mapana na mashavu yaliyoning'inia. Maandishi yaliyofuatia filamu yamewaeleza watu wake kuwa wakaaji wa miji ya chini ya ardhi, katika sayari ya volkano, wanaosifika kwa ustadi wa kuongoza vyombo. Katika filamu yenyewe hatuelezwi lolote kati ya hayo. Kwa vipimo tunavyotumia darasani, Nien Nunb ni mhusika bapa asiye na historia, asiye na familia, asiye na mgogoro wa nafsi.

Alicho nacho ni kauli. Mwili wake ni wa kikaragosi kilichoendeshwa na Mike Quinn. Sauti yake ni ya Kipsang Rotich, Mkenya aliyekuwa mwanafunzi nchini Marekani, ambaye mtengenezaji wa sauti Ben Burtt alimwomba aseme kwa lugha za kwao. Maneno ya Nien Nunb hayakuandikiwa tafsiri chini ya picha. Mtazamaji huambulia maana kupitia majibu ya Lando peke yake, kama mtu anayesikiliza upande mmoja wa mazungumzo ya simu.

Inafaa tuitazame sehemu moja kwa makini. Waasi wanaikaribia ngome wakiamini kwamba ngao inayoilinda imeshazimwa. Lando anataka kupata ishara yoyote ya kumhakikishia hivyo na hapati. Nien Nunb anasema jambo. Lando anamjibu kwa swali: adui angewezaje kuzivuruga ishara zao ikiwa hajui kwamba wanakuja? Kabla hajaimaliza kauli yake anang'amua kwamba adui alijua tangu mwanzo, kwamba ngao haijazimwa na kwamba wao wamo mtegoni. Anaamuru shambulio lisitishwe, na kundi zima linageuza vyombo kabla ya kujigonga kwenye ngao.

Tukiisoma sehemu hii kama tunavyosoma tamthilia, twaona kwamba kauli iliyoufichua mtego ni ya Msullust. Lando ametamka hitimisho, ila dokezo lililomfikisha hapo limetoka kinywani mwa rubani msaidizi. Kauli hiyo yenye uzito mkubwa kiasi hicho katika mtiririko wa visa ndiyo ambayo watengenezaji hawakuona haja ya kuitafsiri. Kwa ajili ya msuko, maneno ya Nien Nunb ni ya lazima. Kwa ajili ya hadhira iliyokusudiwa, ni mvumo tu.

Nien Nunb hakuwa peke yake katika hali hii. Lugha ya Greedo katika filamu ya 1977 ilitokana na Kikechua cha Amerika ya Kusini. Usemi wa viumbe wadogo waitwao Jawa uliundwa kwa kuigiza Kizulu na kuuharakisha. Usemi wa Ewok, jamii ya msituni iliyoletwa mwaka 1983, ulitokana kwa sehemu na Kikalmyk, lugha ya watu wenye asili ya Kimongolia waishio Urusi. Burtt ameeleza kwamba lugha halisi huwa na uhai ambao maneno ya kubuni ovyo hayana. Hoja hiyo ni ya kweli na tutairejea. Hata hivyo, orodha yenyewe inatudokezea kigezo cha uteuzi. Kifaransa na Kijerumani ni lugha hai pia, na zina mvumo wake. Hazikufaa kwa sababu zingetambulika.

Mlio na neno

Hapana budi tutofautishe dhana mbili. Mlio ni sauti inayotufikia kama tukio: ngurumo, kishindo, mbweko. Huuliza ni nini kimetokea. Neno ni sauti inayotufikia kama wito, na huuliza utajibu nini. Tofauti baina ya hivi viwili haimo katika mawimbi ya sauti. Imo katika uhusiano. Sauti ile ile huwa neno kwa anayejiona ameitwa, na mlio kwa anayejiona hayumo.

Binadamu wamekuwa wepesi wa kuyageuza maneno ya wengine kuwa milio. Wayunani wa kale waliwaita wageni barbaroi, neno linaloiga sauti ya mtu anayebwabwaja. Waslavi waliwapa Wajerumani jina lenye asili ya neno linalomaanisha bubu, ilhali Wajerumani hawakuwa mabubu hata kidogo. Aliyekuwa na upungufu ni msikilizaji, lakini upungufu ukaandikwa katika jina la msemaji. Mwenendo huo ndio tunaouhoji. Kutoelewa kwangu hubadilika kuwa kutosema kwako.

Jukwaa nalo lina historia yake katika jambo hili. Katika tamthilia ya Poenulus, Plautus, mtunzi wa Kirumi aliyefariki mwaka 184 kabla ya Kristo, alimleta jukwaani Hanno, mzee wa Carthage, mji wa Afrika ya Kaskazini ambao leo uko Tunisia. Hanno anaingia akisema Kipuniki, lugha ya kwao. Mtumwa mmoja anajifanya mkalimani na kuyatafsiri maneno yake upogoupogo, na Warumi wanaangua kicheko. Kichekesho kina ncha mbili, kwa kuwa Hanno anaijua lugha ya wenyeji vyema na anajinyamazia tu. Carthage ikateketezwa mwaka 146 kabla ya Kristo, na baada ya karne nyingi Kipuniki chenyewe kikatoweka. Leo mistari ile iliyotiwa katika tamthilia ili Warumi wacheke ni miongoni mwa mabaki adimu yanayowawezesha wataalamu kukadiria jinsi Kipuniki kilivyotamkwa. Kilichosikika kama mlio katika ukumbi kimesomwa kama neno katika maktaba. Asiyejua maana haambiwi maana, husema wahenga, lakini maana humsubiri anayeijua, hata kwa miaka elfu mbili.

Utetezi wa upande wa pili

Uadilifu unatutaka tuupe utetezi nafasi yake. Wa kwanza ni ule wa sanaa yenyewe. Ulimwengu wa kubuni wenye viumbe wa sayari mbalimbali hauwezi kusadikika ikiwa wote wanasema Kiingereza. Ugeni lazima usikike. Na ikiwa mtunzi analazimika kuchagua baina ya kubwabwaja na lugha yenye sarufi, je, si heshima kuchagua lugha?

Tunaikubali hoja hii kwa sehemu. Ni kweli kwamba usemi wa Nien Nunb una mkato, kiimbo na pumzi ambazo kubwabwaja hakuwezi kuzitoa. Lakini sifa inayotolewa hapa inamwendea mwenye lugha kwa njia ya ajabu: lugha yake inasifiwa kwa kuwa na muundo, kisha inatumiwa mahali ambapo muundo huo hauhitajiki kueleweka. Ni kama kuazima hirizi ya mtu kwa sababu ya uzuri wa ngozi yake.

Utetezi wa pili unasema kwamba hakuna aliyedhurika. Filamu ni burudani, Msullust ni mwema, yumo upande wa haki, na Wakenya walioisikia lugha yao walifurahi. Hapa pana jambo la kuzingatia, kwani wema wa mhusika hauamui suala. Tuchukue mfano wa kinyume. Katika kipindi cha televisheni cha Star Trek kiitwacho "The Man Trap", kilichoonyeshwa mwaka 1966, kuna dubwana linalojibadilisha umbo na kuua watu. Linapomkabili Uhura, afisa ambaye jina lake limetokana na neno letu "uhuru", linajigeuza mwanamume mweusi na kumsemesha kwa Kiswahili. Ufasaha wa Kiswahili hicho ni mjadala wa siku nyingine. Linalotuhusu ni kwamba dubwana hilo, katika uovu wake wote, linajua kwamba Kiswahili ni neno. Linamwita mtu kwa lugha ya nyumbani kwake kwa kuwa linajua kuna wa kuitika. Kwa kigezo chetu, Kiswahili kilitendewa haki zaidi na muuaji yule kuliko lugha za Nien Nunb zilivyotendewa na mashujaa wa upande wake.

Utetezi wa tatu ni kwamba wasanii hawa hawakujua zaidi. Dai hilo linajibiwa na tukio la miaka hiyo hiyo. Kwa ajili ya filamu ya tatu ya Star Trek, iliyotolewa mwaka 1984, mwanaisimu Marc Okrand aliajiriwa kuwaundia Waklingon lugha. Mwaka 1985 ilichapishwa kamusi yake, pamoja na maelezo ya sarufi. Mwaka 1996 mashabiki walichapisha Hamlet ya Shakespeare kwa Kiklingon. Hivyo lugha isiyo na mama aliyewahi kumbembelezea mtoto ilipata jina, kamusi na fasihi ya tafsiri, ilhali lugha za mamilioni ya watu wa Afrika Mashariki zilipita kwenye filamu bila kutajwa kwa majina. Hatuwaonei wivu Waklingon. Tunaonyesha tu kwamba ujuzi ulikuwepo, na gharama ya kuijali lugha ilijulikana. Pale ilipoamuliwa kwamba lugha ina wasikilizaji, ililipiwa.

Suala la jina linastahili neno la ziada. Kwa miaka mingi maandishi ya Kiingereza kuhusu filamu hii yameitaja lugha ya Nien Nunb kuwa Kihaya cha Tanzania. Mengine husema ni Gikuyu, mengine Kikalenjin, mengine mchanganyiko. Kihaya husemwa magharibi mwa Ziwa Viktoria, katika eneo la Kagera. Gikuyu ni lugha ya Kenya ya kati. Zote mbili ni za Kibantu, japo msemaji wa moja hamwelewi wa nyingine. Kikalenjin si cha Kibantu kabisa, ni cha Kinailoti, na umbali wake na Gikuyu ni mkubwa kuliko umbali wa Kiingereza na Kirusi. Mwandishi ambaye angetuambia kwamba mhusika fulani anasema Kireno, au pengine Kifini, angeonekana hakufanya kazi yake. Hapa mkanganyiko ulidumu bila kumsumbua mtu, kwa maana mlio hauhitaji jina la ukoo.

Jukwaa la Limuru na chumba cha marubani

Ili tuelewe kilichomo hatarini, yatupasa tuuweke mwaka 1983 katika historia yetu. Mwaka 1977, katika kituo cha Kamĩrĩĩthũ huko Limuru, wakulima na wafanyakazi waliigiza tamthilia ya Ngaahika Ndeenda, iliyoandikwa kwa Gikuyu na Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Mwezi Novemba mwaka huo serikali ikaifuta leseni yake. Tarehe 31 Desemba Ngũgĩ wa Thiong'o akakamatwa, akawekwa kizuizini bila kushtakiwa hadi Desemba 1978. Akiwa gerezani Kamiti aliandika kwa Gikuyu, juu ya karatasi za chooni, riwaya ya Caitaani Mũtharaba-inĩ iliyochapishwa mwaka 1980. Mwaka 1982 tamthilia nyingine ya kikundi hicho, Maitũ Njugĩra, ilizuiwa kuonyeshwa, na ukumbi wa wazi wa Kamĩrĩĩthũ ukabomolewa.

Mwaka uliofuata, mvumo wa lugha za Kenya ulisikika katika majumba ya sinema ya dunia, kutoka kinywani mwa Msullust.

Hatudai kwamba pana uhusiano wa sababu na matokeo baina ya matukio haya. Waliotengeneza filamu hawakuwa na habari za Limuru. Lakini kuwiana kwa miaka kunatufunulia kanuni ambayo isingeonekana kwa tukio moja pekee. Kwenye jukwaa la Limuru lugha ya Kiafrika ilikuwa ya hatari kwa sababu ilieleweka. Ndani ya chumba cha marubani ilikaribishwa kwa sababu ilidhaniwa haitaeleweka. Waliobomoa ukumbi walijua kwamba kuna wasikilizaji, wakawaogopa. Waliotengeneza filamu hawakuwaza kwamba wapo, kwa hiyo hawakuwa na la kuogopa. Kati ya woga na kutowaza, ni lipi linaloidhalilisha lugha zaidi?

Jibu la haraka litakuwa kwamba kubomoa ni kubaya zaidi, na kwa upande wa maumivu ya watu jibu hilo ni sahihi bila mjadala. Mtu aliyefungwa na kikaragosi kilichochezeshwa havipimwi kwenye mizani moja. Hata hivyo, katika suala la heshima ya lugha, mkandamizaji wa Limuru alilikiri jambo moja ambalo msanii wa California hakulikiri: kwamba neno lina nguvu. Udhalimu wa kwanza unakinyamazisha kinywa. Udhalimu wa pili ni mpole na una tabasamu. Unakiacha kinywa kiseme kadiri kipendavyo, kisha unaligeuza sikio upande mwingine. Gayatri Chakravorty Spivak aliuliza katika makala yake mashuhuri ya 1988 kama mnyonge aweza kusema. Wengi wamelijadili swali hilo kana kwamba linahusu ulimi. Msullust anatukumbusha kwamba linahusu sikio.

Msemaji aliyemhesabu msikilizaji

Mpaka hapa tumemjadili aliyeazima lugha. Tumjadili sasa aliyeiazimisha, kwani ndiye anayeupatia mfano huu thamani ya kimaadili.

Imeelezwa mara nyingi kwamba Wakenya walioitazama filamu hiyo walishangaa na kufurahi waliposikia kauli zinazoeleweka, zilizosemwa sawasawa na kwa kuzingatia muktadha wa tukio. Hili halikuwa la lazima. Mbele ya kipaza sauti, mbali na nyumbani, akisemea kiumbe wa plastiki kwa hadhira ambayo isingemwelewa, Rotich angeweza kutamka lolote. Angeweza kuhesabu moja hadi kumi, kutaja majina ya ng'ombe au kutoa matusi, na hakuna ambaye angemsahihisha. Badala yake alisema mambo ambayo rubani msaidizi angeyasema.

Mikhail Bakhtin alifundisha kwamba kila usemi humlenga msikilizaji aliyepo, na nyuma yake humtegemea msikilizaji mwingine wa mbali, ambaye msemaji anaamini kwamba atamwelewa hata kama waliopo hawamwelewi. Bila imani hiyo hakuna anayeweza kusema. Tukiitumia dhana hii, twaona kwamba katika studio ile palikuwa na hadhira mbili. Moja ilihesabiwa katika mauzo ya tikiti. Nyingine haikuhesabiwa na mtu yeyote ila msemaji mwenyewe. Kwa kusema jambo lenye maana, alimhesabu mtu ambaye studio haikumhesabu: mtazamaji wa Kenya ambaye siku moja angeketi gizani na kusikia anaitwa.

Hapa ndipo tunapoukuta wajibu wa kimaadili wa msemaji, na wajibu huu unamgusa kila mwandishi wa lugha ndogo na kila mwanafunzi wa uzamili anayeandika tasnifu akihofia kwamba itasomwa na watahini watatu. Kusema kwa maana mbele ya wasioelewa ni kukataa kuithibitisha dhana yao. Kubwabwaja kungekuwa kukiri kwamba kweli hatupo. Ni uaminifu wa aina ambayo haina shahidi wakati inapotendeka, na ndiyo maana ina thamani. Alama ya uaminifu huo imedumu. Mwaka 2015, zaidi ya miaka thelathini baadaye, Nien Nunb alirejeshwa katika filamu ya The Force Awakens, na Rotich akaitwa tena kuitoa sauti yake. Sauti iliyochukuliwa kama mlio ilikuwa imeshakuwa ya mtu mmoja mahsusi, na haikuwezekana kubadilishwa kiholela.

Mtu aweza kuuliza: je, imani ya msemaji inalifuta kosa la mwazimaji? Haifuti. Wema wa aliyetendewa hauwi stakabadhi ya aliyetenda. Inachofanya ni kulizuia kosa lisikamilike. Kusudi la kulifanya neno kuwa mlio lilishindwa kwa sababu mmoja kati ya wahusika wa mapatano hayo alikataa kutimiza sehemu yake.

Kuhusu njia iliyo bora, pana mfano katika mfululizo huo huo. Mwaka 2013 filamu ya kwanza ya Star Wars ilitolewa kwa lugha ya Kinavajo, kwa juhudi zilizoongozwa na jumba la makumbusho la taifa la Wanavajo wenyewe. Katika toleo hilo kila mtu, shujaa kwa mwovu, anasema Kinavajo, na watazamaji wanaelewa. Lugha haikutiwa katika filamu ili iwe pambo la ugeni. Ilitiwa iwe nyumba ambamo hadithi nzima inakaa.

Wahakiki wa Kiswahili nao

Ingekuwa rahisi kuishia kwenye lawama za ng'ambo. Lakini Kiswahili chenyewe ni lugha kubwa katika ukanda huu, na lugha kubwa huwa na Wasullust wake. Michezo yetu ya redio na televisheni imezoea kumleta mlinzi wa usiku, mchunga ng'ombe au mama wa sokoni atokaye bara, ili lafudhi yake itoe kicheko. Katika tamthilia zetu, mhusika huropoka sentensi mbili za lugha ya mama zisizo na tafsiri, na maelekezo ya jukwaa yakatuambia tu kwamba amesema kwa lugha yake. Lugha yake ipi? Amesema nini? Mhakiki hupita hapo bila kusita, akaandika kwamba mtunzi ametumia mbinu ya kuchanganya ndimi, akaihesabu kuwa sifa ya mtindo.

Hatusemi kwamba kila neno la lugha nyingine litafsiriwe. Kuna kutotafsiri kunakomheshimu msemaji, kwa kumtaka msomaji ajisogeze. Kigezo cha kutofautisha hali hizi mbili kinaweza kusemwa kwa ufupi. Mtunzi aulizwe: angeyaandika maneno hayo hayo lau angejua kwamba mama mzazi wa mhusika ameketi safu ya mbele? Ikiwa jibu ni ndiyo, lugha imebaki neno, hata kama nusu ya ukumbi haielewi. Ikiwa jibu ni la, lugha imefanywa mlio, hata kama ukumbi mzima unacheka kwa furaha.

Kigezo hiki kina matokeo kwa kazi yetu. Mhakiki wa tamthilia yenye lugha zaidi ya moja hana udhuru wa kuishia pale ujuzi wake unapoishia. Analazimika kumtafuta anayejua, kumuuliza, kulitaja jina la lugha na kuiweka maana mezani. Ni kazi ya unyenyekevu, na haimpatii mtu cheo. Lakini pasipo kuifanya, sisi tunaojiita watetezi wa lugha za Kiafrika tutakuwa tumeketi katika safu zile zile za Warumi, tukimcheka Hanno, wala haitupitikii kwamba anatuelewa.

Hitimisho

Tumedai kwamba kosa la kuiazima lugha hai kwa kiumbe wa kubuni halimo katika ugeni wa kiumbe wala katika wema au ubaya wake. Limo katika dhana kwamba msikilizaji wa lugha hiyo hayupo. Dhana hiyo ndiyo inayoacha kauli muhimu bila tafsiri, inayoruhusu Kihaya, Gikuyu na Kikalenjin kuchukuliwa kama kitu kimoja, na inayomfanya mtu ajione anaiheshimu lugha ilhali anaufurahia mvumo wake tu. Tumeonyesha pia kwamba dhana hiyo inaweza kushindwa kutoka ndani, na msemaji anayekataa kubwabwaja.

Linabaki jukumu la sikio. Filamu ya 1983 ipo, na kauli za Nien Nunb zimo ndani yake, zikisubiri kama mistari ya Kipuniki ilivyosubiri. Tofauti ni kwamba wasemaji wa lugha hizi wako hai, na wengi wao wamo katika madarasa yetu. Mwanafunzi anayetafuta mada anaweza kuziandika kauli hizo moja baada ya nyingine, kuzitaja lugha zake kwa uhakika, kuzifasiri kwa Kiswahili, na kuonyesha ni wapi zinalandana na majibu ya Lando na ni wapi zinakwenda njia yake. Ni kazi ya kurasa chache. Ikishafanywa, rubani yule atakuwa amejibiwa na watu aliowasemesha.